Anwani Iliyomzika Wilber Menjívar

Kila wiki mnaniandikia ujumbe uleule: acha mambo ya kompyuta, andika vitu vinavyogusa watu. Mmenichosha. Juzi mmoja wenu kaniuliza anwani ya tovuti ni kitu gani cha kujaza ukurasa mzima, si herufi tu pale juu ya skrini, nani anaziangalia. Sawa. Kaa hapo nikusimulie habari ya Dinora Alfaro wa San Jacinto Tepeyagua, huku kwetu mkoani Cabañas, kisha ukimaliza uniambie tena kwamba haziangaliwi.

Dinora hakusomea kompyuta popote. Alijifunzia jikoni kwa shangazi yake, kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na Wilber Menjívar, jirani aliyesoma naye tangu chekechea. Wilber alipata kazi ya ujenzi mji mkuu, akaja na lile dude kwapani. "Chukua," akamwambia, "mimi kuanzia leo ni mtu wa zege." Nusu ya vibonye vilikuwa vimefutika herufi. Dinora akazikariri.

Akaanza na tovuti ya duka la mabati, ikaja ya daktari wa meno, ikaja ya jamaa anayekodisha viti vya sherehe. Na kila alipofanya kazi kuna kitu kilimkera kuliko vyote. Anwani. Unazijua zile anwani za kishenzi? Alama ya kuuliza, namba, alama ya asilimia, herufi kubwa na ndogo zimerundikana kama mitumba ya mnada. Huwezi kumtajia mtu kwenye simu. Dinora akikutana nayo alikuwa anatukana kwa sauti mpaka shangazi yake anadhani ameungua na mafuta.

Yeye alikuwa na sheria yake. Anwani isomeke kama kibao cha duka. Bibi wa watu aitazame, ajue ndani kuna nini kabla hajaingia. Namba zitoke, vikorokoro vitoke, maneno yaandikwe kwa herufi ndogo na yatenganishwe kwa kistari. Basi, hakuna mjadala.

Padre Elmer alipomwomba aitengeneze upya tovuti ya parokia, Dinora akapata pa kuonyeshea. Misa za marehemu zote zilikuwa na anwani za namba, hakuna anayejua ipi ya nani. Akazifagia. Ikawa jina la parokia, halafu neno marehemu, halafu jina la mtu. /marehemu/tomasa-rivas. Ukifungua unakuta picha, tarehe, na sauti ya misa yenyewe kwa ajili ya walio mbali, na Tepeyagua hakuna nyumba isiyo na mtu aliye mbali. Jumapili ya uzinduzi Padre akampa kipaza sauti, na Dinora akawaambia waumini, akijisikia kweli, kwamba sasa hata mwenye bando la WhatsApp peke yake hatapitwa na kitu, kwa sababu anwani yenyewe inasema kila kitu, hana haja ya kufungua.

Wakaipenda. Wakaipenda mpaka wakaanza kuichora kwenye misalaba. Sikudanganyi. Siku ya Marehemu, mwezi wa kumi na moja, watu wanakwenda makaburini kupaka misalaba rangi mpya, buluu, waridi, kijani cha parachichi, na chini ya jina, kwa brashi nyembamba, wakaongeza anwani ya Dinora. Mtoto wa marehemu yuko Houston, hajui hata kaburi liko upande gani, lakini anwani anayo kichwani. Dinora alipita katikati ya ile misalaba na ndoo ya mtu mkononi, anajifanya anasaidia kubeba maji. Ukweli alikuwa anasoma kazi yake.

Halafu Padre akataka na misa za shukrani ziingie. Mtoto amezaliwa, karatasi za ukaazi zimetoka, upasuaji umekwenda salama. Dinora akaziongeza, akazipa ukurasa wa rangi ya dhahabu wenye maua pembeni, mzuri kweli. Ila ile sehemu inayotunga anwani ilijua neno moja tu. Kila misa iliyoingia, ya kilio au ya kicheko, ilipewa marehemu.

Aliona. Usidhani hakuona. Kurekebisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja, lakini ilibidi aguse palepale panapobeba anwani za misalabani, na akikosea msalaba mmoja atagombana na ukoo mzima. Akasema ngoja nimalize tovuti ya viti. Baada ya viti ikaja ya dawa za mifugo. Halafu, mtu yuleyule aliyehubiri kwamba kila mtu anasoma anwani akajiambia, kwani nani anasoma anwani.

Tena mwanzoni ilichekesha. Mzee José Orellana, sisi tunamwita Chepe, alipona goti, binti yake akalipia misa ya shukrani, ikatua kwenye kundi la WhatsApp la parokia kama /marehemu/jose-orellana. Sokoni wakamshika wiki nzima.

"Marehemu, karibu nyanya."

"Marehemu, naona leo unatembea vizuri, kufa kumekupenda."

"Nipunguzieni bei basi," Mzee Chepe anajibu, "huko nilikotoka hawanipi mshahara."

Wakacheka, yakaisha. Mzee Chepe alikuwa amesimama pale mbele yao, anabonyeza nyanya. Nani angeogopa?

Wilber hakuwa amesimama mbele ya mtu yeyote. Mwezi wa nne aliacha zege akaenda kaskazini, kwa njia ile wanayopita wote wasio na viza. Ujumbe wake wa mwisho kwa mama yake ulitoka karibu na mpaka: "Kesho tunaingia jangwani, simu wanatunyang'anya, usiogope." Baada ya hapo kimya. Mama yake, Bi Toya, akawa analala na simu kifuani. Huku kwetu kimya cha namna hiyo kila mtu anakijua. Hakuna anayekisema, ila mtu akipita nyumba hiyo anapunguza sauti.

Sasa, Jumamosi moja asubuhi Dinora alikuwa kibandani anasubiri pupusa zake, vile vichapati vya mahindi vilivyojazwa maharage na jibini. Kengele ya kanisa ikaanza kulia polepole, ile ya msiba, kama mtu anayegonga mlango huku anaomba usifunguliwe. Barabarani akapita Bi Lencha, mwongoza sala, shungi jeusi kichwani na rozari mkononi, mwendo wa kazini.

"Bi Lencha, nani katutoka?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza mimi? Si ndiye mwenye tovuti?"

"Sijashika simu tangu niamke."

Bi Lencha akasimama. Alikuwa ametangaza vifo vingi maishani, lakini hiki akakitoa kwa shida. "Wilber wa Toya."

Dinora alipokea pupusa zake. Alilipa, inasemekana hata alishukuru. Akatembea hatua kadhaa akiwa ameshika ile karatasi ya moto, mafuta yanamchuruzika kwenye kiganja, hasikii chochote. Muuzaji ndiye aliyemfuata akamtoa ile karatasi mkononi. Kiganja kilikuwa chekundu. Dinora alikitazama kama cha mtu mwingine.

Kwa Bi Toya utepe mweusi ulikuwa tayari umefungwa getini. Jamaa wa viti alishaleta viti bila kuulizwa. Wanawake walikuwa uani wanakanda unga wa mahindi wa tamale, sufuria kubwa ya kahawa inachemka. Picha ya Wilber ya kumaliza shule ilikuwa mezani katikati ya mishumaa miwili. Bi Toya alikaa mbele yake kwenye kiti cha plastiki, amevaa nguo aliyovaa alipomzika mumewe, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi. Halii.

Dinora akapiga magoti, akamkumbatia. 

"Habari wameniletea kwa adabu, mwanangu," Bi Toya akamwambia, na ndiye aliyekuwa anampapasa mgongo. "Wengine wanapigiwa na polisi asiyejua hata kutamka jina. Mimi nimesoma kwenye anwani yako. Umeiandika vizuri, hata miwani sikuhitaji."

Dinora akainua kichwa. "Anwani ipi, Bi Toya?"

Bi Toya akafungua mkoba, akatoa simu, akamwonyesha. Kundi la parokia, ujumbe unaojituma wenyewe misa ikiandikishwa. /marehemu/wilber-menjivar. Chini yake mikono ya kuomba, misalaba, mishumaa, mioyo iliyovunjika, unateleza kwa kidole haviishi. Mwenye kengele za kanisa naye alikuwa humo: "Napanda mnarani sasa hivi, Mungu ampe pumziko."

Dinora akalisoma tena lile neno. Hakuwa na furaha, bado. Alikuwa na hofu, kwa sababu sasa alijua kwamba hajui. Lile neno halikuwa na maana yoyote. Yeye peke yake pale ndiye aliyejua hilo.

"Bi Toya, ukurasa umeufungua?"

"Kwa bando gani? Langu la WhatsApp tu. Tena nifungue nini, mwanangu, wakati imeandikwa?"

Dinora akasimama, akageukia uani. "Nani hapa ameufungua huu ukurasa?"

Mikono ikasimama kwenye unga. Wakatazamana.

"Sisi tunasoma anwani," Bi Lencha akasema. "Si wewe uliyesimama kanisani ukatuambia hatuna haja ya kufungua? Nilikuwa kiti cha mbele."

Dinora akatoa simu yake. Akabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, mtandao wa Tepeyagua mnaujua. Mwanamke mmoja nyuma yake akaanza kunong'ona sala ya marehemu. Halafu skrini ikajaa rangi ya dhahabu.

Misa ya shukrani. Kwa Wilber Menjívar, aliyevuka na kufika nyumbani kwa dada yake. Imeombwa na Marleny Menjívar, Maryland.

Alikaa juu ya gunia la mahindi bila kuangalia kama lipo. Kwa muda alisoma mstari uleule, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akarudi kwa Bi Toya akitembea kwa kushika ukuta.

"Bi Toya, Wilber yuko hai. Amefika kwa Marleny."

Ungetarajia vigelegele. Bi Toya alimtazama kama aliyepigwa kofi na mtu anayempenda.

"Usinifanyie hivyo."

"Soma hapa, hii ni misa ya shukrani, ona rangi—"

"Dinora," mwanamke mmoja akaingilia, "kuna utani wa kufanya na kuna utani wa kukaa nao."

"Si utani. Ni kosa langu. Zote zinaandikwa marehemu, hata za furaha. Mnamkumbuka Mzee Chepe?"

"Chepe tulikuwa tunamwona," Bi Toya akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, watu wakasogea wasikie. "Asubuhi umeniambia amekufa. Sasa hivi unaniambia amefika. Nimwamini Dinora yupi?"

Mama amemeza kifo cha mwanawe asubuhi hiyohiyo, kimeshuka, kimekaa. Sasa unamwambia akitapike kwa sababu ya maua ya dhahabu. Na ikiwa maua nayo yanadanganya?

"Nataka sauti yake," Bi Toya akasema. "Maandishi yako siyataki tena."

Dinora akampigia Marleny. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Marleny anafanya kazi kiwanda cha kuku, wanaingia simu zinafungiwa kwenye makabati, hazitoki mpaka zamu iishe. Bi Toya alilijua hilo. Kila mtu alilijua. Wilber mwenyewe hakuwa na simu, ilibaki mikononi mwa waliomvusha. Kilichobaki ni kusubiri.

Bi Lencha akakohoa, akainua rozari. "Tuendelee, fumbo la pili."

"Bi Lencha, tafadhali," Dinora akasema. "Unamwombea mtu aliye hai apumzike kwa amani."

"Kama yuko hai apumzike vilevile, ametembea sana. Rozari nimeshaianza, haikatwi katikati."

Wakaendelea kusali. Dinora akakaa chini kwenye saruji, karibu na miguu ya Bi Toya, simu mbili mbele yake. Unga ulikandwa, tamale zikafungwa kwenye majani ya migomba, maana hakuna aliyejua afanye nini kingine kwa mikono yake. Sasa nyumba nzima ilikuwa kati ya msiba na sherehe, na hakuna aliyethubutu kuegemea upande wowote. Mtu akitabasamu anakatisha.

"Unajua nilipoisoma nilifanya nini?" Bi Toya akasema ghafla, akitazama picha. "Sikulia. Nilizima jiko. Maharage yalikuwa bado magumu. Nikajiambia, yanapikiwa nani."

Dinora alifunika uso na kile kiganja kilichoungua.

Simu ililia mchana, saa wanawake wanaanza kugawa kahawa. Ya video, kutoka kwa Marleny. Akatokea na kofia ya wavu ya kiwandani bado kichwani, amekunja uso, anahema.

"Mama, kwa nini dunia nzima inanipa pole? Nimefika nyumbani nafungua simu nakuta mamia. Nani amekufa?"

Wanawake wote wakamgeukia Bi Toya.

"Mama? Nilitaka uisikie kesho kanisani, Padre akitaja jina. Nilitaka ushtuke kidogo."

"Nimeshtuka," Bi Toya akasema. "Yuko wapi?"

Picha ikayumba, ikaonyesha dari, sofa, halafu kijana mmoja midomo imepasuka, ngozi ya pua inabanduka, amenyolewa kipara. Sura ilikuwa imekonda mpaka ya mtu mwingine. Mwanamke mmoja uani akajishika kifua.

"Mama, ni mimi."

"Nyamaza. Geuza sikio la kushoto."

Wilber akageuza. Pale juu kulikuwa na pengo dogo, mbwa wa jirani alipomng'ata akiwa mdogo. Bi Toya alisogeza simu karibu na jicho, akalitazama lile pengo kwa muda mrefu. Kisha akailaza simu mapajani kifudifudi, mikono yote miwili juu yake, na ndipo kilio kilipotoka. Kilikuwa kilio kibaya, cha tumboni, kile ambacho hakikutoka asubuhi. Wanawake wakaja kumshika. Chini ya mikono yake Wilber alikuwa anasikika, "Mama? Mama, naona giza."

Alipotulia alimpa Dinora ile simu bila kumtazama.

"We Dinora," Wilber akasema, "kompyuta nimekupa mimi, halafu unanizikia humohumo?"

Dinora alijaribu kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

"Usilie bwana. Nasikia kuna tamale. Nani anakula tamale zangu?"

"Mimi," Bi Lencha akajibu kwa mbali. "Na bado mafumbo mawili, usikate simu."

Siku hiyohiyo, kabla giza halijaingia, Dinora alifanya ile kazi ya asubuhi moja. Misa zote mpya sasa zinakaa chini ya neno misa, basi, iwe ya nani na ya nini. Anwani za misalabani hakuzigusa, zinafanya kazi kama zilivyochorwa. Ukurasa wa Wilber aliuondoa, akaandika kwenye kundi la parokia kwamba kosa ni lake, akaweka jina lake kamili. Jumapili akasimama tena kanisani, safari hii bila kipaza sauti, akasema hivyohivyo. Padre Elmer hakumkaripia. Bi Toya alikuwa kiti cha nyuma, hakuinua macho.

Lakini ukurasa ndio ulioondoka. Yale maneno yenyewe yalishapanda ndege. Yako Houston, yako Los Angeles, yako Milano kwa wale dada wanaotunza wazee, yako kwenye simu za watu waliohama Tepeyagua miaka mingi na sasa wanakumbuka kupiga. Dinora hana mkono wa kufika huko. Hakuna anayefungua, wakifungua hawakuti kitu, na wasipokuta kitu wanaona tovuti mbovu, ila jina wameshalisoma. Wanapiga. "Bi Toya, pole sana kwa Wilber, tumechelewa kusikia." Na kila mara, Dinora ameliona kwa macho yake siku alizokwenda kumpelekea mboga na kukaa naye, uso wa Bi Toya unapauka kwanza. Anajua mwanawe yuko hai, ameongea naye jana. Mwili haujui. Anashika meza, anamshukuru mpigaji, anakata, halafu anampigia Wilber kazini. Wilber anapokea akiwa juu ya ngazi, brashi ya rangi mkononi. "Niko hapa, mama," anasema, hata hamuulizi kwa nini amepiga.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu, jirani, fundi mwenzako au mpangaji mwenzako kutoka Tepeyagua, popote ulipo, mwambie leo: Wilber Menjívar yuko hai, anapaka rangi nyumba za watu huko Maryland. Na kama wewe ndiye uliyekuwa unatafuta salio umpigie mama yake kumpa pole, tafadhali, usimpigie.